Jiko la Makaa na Hesabu ya Atomu

Katika nchi za milimani, kama vile Njombe huko Tanzania na Limuru huko Kenya, baridi ya mwezi wa Juni na Julai huuma mpaka mifupani. Jua likisha kutua, bibi huwasha jiko lake la makaa nje, karibu na mlango. Kwanza moshi hupanda, na watoto hukaa mbali wakifikicha macho. Baadaye moshi hukoma, makaa huwa mekundu, na joto lake hupendeza. Ndipo bibi humwambia mjukuu wake, "Haya, baba, moshi umekwisha. Lete jiko ndani, tufunge mlango tulale."

Maneno hayo yana upendo ndani yake, na nyumba nyingi huyasikia. Lakini yamewaua watu. Mara nyingine jua huchomoza, majirani hubisha hodi, wala hapana aitikiaye. Mlango ukivunjwa, wenye nyumba huonekana wamelala vile vile walivyolala jioni. Hawana jeraha, wala hapana kitu kilichoungua. Jiko lipo katikati ya chumba, limejaa majivu.

Ni rahisi watu wasiojua sababu ya kifo cha namna hiyo kumshuku jirani, au kusema kwamba pana mkono wa mtu. Lakini sababu yake yajulikana. Ni hesabu ya vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hesabu yenyewe si kubwa: haipiti nane. Mwanafunzi mwenye penseli na kipande cha karatasi aweza kuifanya. Tena akiisha kuifanya atafahamu kwa nini kaa lile lile laweza kumtia mtu joto au kumnyima pumzi.

Kila kitu kimefanywa kwa atomu. Maji, chumvi, kaa, damu, na hewa yenyewe, vyote ni atomu zilizoshikana. Zipo namna nyingi za atomu, lakini nne zatosha kwa habari hii: hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, na kaboni. Hidrojeni na oksijeni zikishikana huwa maji. Nitrojeni na oksijeni ndizo sehemu kubwa ya hewa. Kaboni ndiyo kaa.

Wataalamu wa kemia walitambua mapema kwamba atomu hazishikani ovyo. Katika mwaka 1852 Mwingereza mmoja, Edward Frankland, alionyesha kwamba kila namna ya atomu ina kadiri yake ya kushika atomu nyingine. Katika mwaka 1858 Mjerumani August Kekulé na Mskoti Archibald Scott Couper, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe, walionyesha kwamba kadiri ya kaboni ni nne. Basi ikajulikana hivi: hidrojeni ina mshikano mmoja, oksijeni miwili, nitrojeni mitatu, kaboni minne. Kadiri hiyo ikaitwa valensi.

Mwalimu mmoja wa Kijerumani, August Wilhelm von Hofmann, alitaka watu waione habari hii kwa macho. Katika mwaka 1865, mbele ya wasikilizaji wake huko London, alitwaa mipira ya mbao ya mchezo uitwao kroki, akaiunganisha kwa vijiti. Mpira mweusi ulikuwa kaboni, nao ulipokea vijiti vinne. Mweupe ulikuwa hidrojeni, ulipokea kijiti kimoja. Mwekundu ulikuwa oksijeni, na wa samawati nitrojeni. Hata leo shule nyingi zatumia mipira ya rangi hizo hizo.

Lakini mipira ile haikujibu swali moja. Kwa nini minne? Kwa nini kaboni isishike tatu au tano? Wataalamu walijua idadi, wala hawakujua asili yake. Ilikuwa kama mtu ajuaye kwamba mlango fulani hufunguliwa kwa ufunguo fulani, naye hajapata kuona ndani ya kufuli.

Kufuli ilianza kufunguliwa katika mwaka 1897. Mwingereza J. J. Thomson, akifanya kazi huko Cambridge, alivumbua kwamba ndani ya atomu mna vitu vidogo zaidi, vyenye umeme wa namna ya hasi. Vitu hivyo ni elektroni. Katika mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alieleza kwamba katikati ya atomu pana kiini kidogo mno chenye umeme wa namna ya chanya. Elektroni zimekizunguka kiini hicho. Miaka miwili baadaye, kijana Henry Moseley alipata njia ya kuhesabu umeme wa kiini. Tangu hapo ikawezekana kusema bila ya kubahatisha kwamba hidrojeni ina elektroni 1, kaboni 6, nitrojeni 7, oksijeni 8. Moseley hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliuawa vitani huko Gallipoli katika mwaka 1915, naye umri wake ulikuwa miaka 27 tu.

Aliyeunganisha mambo haya mawili, yaani hesabu ya elektroni na hesabu ya mishikano, alikuwa mwalimu. Jina lake Gilbert Newton Lewis, Mmarekani, aliyezaliwa katika mwaka 1875. Katika mwaka 1902 alikuwa akiwafundisha wanafunzi wanaoanza kemia katika chuo kikuu cha Harvard. Alitaka kuwaeleza kwa nini tabia za atomu hujirudia kwa zamu zikipangwa kwa utaratibu. Akachora miraba yenye pande sita, kama kijisanduku, na kila pembe ya kijisanduku akaweka elektroni moja. Kijisanduku kina pembe nane. Atomu ambayo pembe zake zote nane zimejaa imeshiba, haitafuti kitu. Atomu yenye pembe tupu yahitaji.

Michoro ile aliifanya kwa ajili ya darasa lake, akaiweka. Haikuwa imekamilika. Iliweza kueleza chumvi, lakini si vitu vyote. Katika chumvi mna sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni 1 tu ukingoni, na klorini ina 7. Sodiamu hutoa yake moja, klorini huipokea ikawa na 8, na kwa kuwa sasa moja ina umeme wa chanya na nyingine wa hasi, zavutana na kukaa pamoja. Hiyo ni habari ya kutoa na kupokea, nayo ni wazi. Lakini hewa ya hidrojeni ni atomu mbili zilizo sawa kabisa. Ni ipi itoe, na ni ipi ipokee? Wote wawili ni maskini wa kitu kile kile.

Ilipita miaka 14 kabla ya Lewis kuandika jibu lake. Katika mwaka 1916, naye sasa yu mkuu wa wanakemia katika chuo kikuu cha California huko Berkeley, alipiga chapa maandiko yaliyosema hivi: atomu zaweza kushirikiana. Kila moja hutoa elektroni moja, nazo mbili hizo huwa ni mali ya zote mbili. Jozi moja ya elektroni zinazoshirikiwa ndiyo mshikano mmoja.

Mwanafunzi aweza kulifahamu jambo hili kwa kuufikiri mwembe ulioota mpakani mwa mashamba mawili. Mwenye shamba la mashariki akihesabu miti yake, huuhesabu mwembe ule. Mwenye shamba la magharibi akihesabu yake, huuhesabu vile vile. Mti ni mmoja, lakini umeingia katika hesabu mbili, na hapana aliyesema uongo. Ndivyo ilivyo jozi ya elektroni katikati ya atomu mbili. Kila atomu huihesabu kuwa yake.

Sasa na atwae penseli. Neno la kwanza la kukumbuka ni kwamba elektroni za atomu zimekaa kwa matabaka. Tabaka la ndani kabisa huchukua 2 tu. Lifuatalo huchukua 8. Elektroni za ndani zimeshikwa sana na kiini, hazitoki kushirikiana na jirani. Zile za tabaka la nje ndizo hukutana na atomu nyingine, na kwa sababu hiyo zaitwa elektroni za valensi. Basi kaboni yenye elektroni 6 ina 2 ndani na 4 nje. Nitrojeni yenye 7 ina 5 nje. Oksijeni yenye 8 ina 6 nje. Hidrojeni ina moja tu, na tabaka lake hushiba kwa 2.

Hesabu ya pili ni kutoa katika nane. Kaboni ina 4, imepungukiwa 4, basi huwa na mishikano minne. Nitrojeni ina 5, imepungukiwa 3, mishikano mitatu. Oksijeni ina 6, imepungukiwa 2, mishikano miwili. Hidrojeni imepungukiwa 1, mshikano mmoja. Neoni ina 8 kamili, haikupungukiwa kitu, nayo hukaa peke yake. Idadi ile ambayo Frankland na Kekulé waliiona kwa taabu ya miaka mingi, sasa yapatikana kwa toa moja ya darasa la kwanza.

Na aandike herufi O, aizungushie nukta sita, kisha aweke H mbili kando yake, kila moja na nukta yake. Akiziunganisha, oksijeni itakuwa na jozi mbili inazoshirikiana na hidrojeni, na jozi mbili zake mwenyewe. Jumla ni 8. Hayo ni maji. Na aandike C yenye nukta nne katikati ya H nne. Hiyo ni metani, hewa iwakayo itokayo katika samadi ya ng'ombe iliyofungiwa shimoni, nayo watu wengine huipikia.

Pengine atomu mbili hushirikiana zaidi ya jozi moja. Nitrojeni ya hewani ni atomu mbili zinazoshirikiana jozi tatu. Mshikano huo wa jozi tatu ni imara sana. Kwa sababu hiyo mahindi husimama katikati ya nitrojeni tele, nayo hayawezi kuitumia. Vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharage ndivyo viwezavyo kuuvunja mshikano ule na kuilisha mimea. Mkulima apandaye maharage pamoja na mahindi hufaidiwa na vijidudu hivyo, hata kama hajapata kusikia jina la nitrojeni.

Yapasa kusema pia kwamba kanuni ya nane ina mipaka yake. Boroni huridhika mara nyingine na 6. Fosforasi yaweza kuwa na mishikano mitano, na salfa sita. Zamani ilidhaniwa kwamba zenoni, kwa kuwa imeshiba nane yake, haitashikana na kitu kamwe. Katika mwaka 1962 Neil Bartlett, aliyekuwa akifundisha huko Vancouver katika Kanada, aliichanganya na hewa nyekundu kali mno ya platinamu na florini, akapata kitu kigumu cha rangi ya manjano. Zenoni ilikuwa imekubali kushikana. Tangu hapo vitabu vilirekebishwa. Lakini kwa kaboni, nitrojeni, oksijeni na hidrojeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mwili wa mtu, kanuni ya Lewis huongoza vema mara nyingi sana. Sababu yake ilifahamika baada ya mwaka 1925: katika tabaka la nje la kaboni, nitrojeni na oksijeni zipo nafasi nne, na kila nafasi huchukua elektroni mbili, wala haziongezeki. Nne mara mbili ni nane.

Sasa habari yarudi kwenye jiko la bibi. Kaa liwakapo penye hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hushikana na oksijeni mbili. Na ihesabiwe. Kaboni ina 4 za nje. Yashirikiana jozi mbili na oksijeni ya kuume, na jozi mbili na oksijeni ya kushoto. Mishikano yote minne imetumika, na kila atomu ina nane. Kitu hiki ni dioksidi ya kaboni, hewa ile ile ambayo kila mtu huitoa apumuapo.

Lakini makaa yaliyorundikwa jikoni hayapati hewa sawasawa. Pengine kaboni hupata oksijeni moja tu. Tena dioksidi iliyokwisha kufanyika chini ya jiko, ipitapo katikati ya makaa mekundu, hunyang'anywa oksijeni yake moja na kaboni iliyo njiani. Hutoka hapo ikiwa ni kaboni moja na oksijeni moja. Jina lake ni monoksidi ya kaboni.

Hesabu yake ni ya ajabu kidogo. Kaboni ina 4 na oksijeni 6, jumla 10. Zikishirikiana jozi mbili tu, oksijeni hupata nane yake, lakini kaboni hupata sita. Basi oksijeni hutoa jozi ya tatu yote kutoka katika mali yake, nazo hushirikiana jozi tatu. Sasa kila moja ina nane. Lakini kaboni imebaki na jozi moja isiyoshirikiwa na mtu, nayo imeelekea nje, kama mkono ulionyoshwa.

Jozi ile ndiyo yenye hatari. Katika damu ya mtu mna hemoglobini, kitu chekundu chenye chuma, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Oksijeni hukaa juu ya chuma kile safari moja, kisha hushuka. Monoksidi ya kaboni ikiingia mapafuni, huiunga jozi yake na chuma mahali pale pale pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haishuki upesi. Kidogo kidogo damu hujaa mizigo isiyofaa kitu. Mtu huvuta pumzi na kifua chake chapanda na kushuka, na huku ubongo na moyo vyafa kwa kukosa oksijeni.

Wala hapana kitu cha kumwonya. Monoksidi ya kaboni haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, tumbo huchafuka, na miguu hulegea; lakini mtu aliyekwisha lala haamki kuyasikia hayo. Hapo ndipo lilipo kosa la bibi. Yeye aliungoja moshi uishe, akidhani ya kuwa moshi ndio ubaya. Moshi humkera mtu na kumfukuza, na kwa hiyo humwokoa. Ubaya mwingine hutoka katika makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo.

Gilbert Lewis alikufa katika mwaka 1946, ndani ya chumba chake cha kazi huko Berkeley. Alikuwa amependekezwa mara nyingi kwa tuzo ya Nobel, wala hakupewa. Lakini nukta zake zimeandikwa na watoto wa shule duniani kote, katika madaftari yasiyo na hesabu.

Nukta hizo hazikuandikwa zipate kukaa katika daftari tu. Mtoto aliyejifunza aweza kujikuta usiku mmoja wa Julai ameshika jiko mlangoni, na bibi yake anamwita. Si adabu mtoto kumkaripia mkubwa, wala haifai kumtii mpaka kaburini. Na aliache jiko nje, aingie, akae chini karibu naye, aseme kwa upole, "Bibi, uniwie radhi. Moshi si dalili. Yale makaa mekundu yatoa hewa isiyoonekana, nayo huizuia damu isichukue pumzi. Tuote moto huku nje kwanza, kisha tuingie tujifunike blanketi mbili." Na ikiwa mtu yeyote chumbani mwenye jiko ameumwa kichwa na kulegea, na atolewe nje mara moja penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, ambako atapewa oksijeni nyingi ya kuisukuma ile hewa mbaya itoke katika damu.

Huenda bibi akauliza, "Nani aliyekuambia hayo?" Mjukuu atatwaa kipande cha kaa kilichopoa, na juu ya sakafu atachora C moja na O moja, na nukta kumi. Atazihesabu mbele yake, mpaka afike kwenye mbili za mwisho.

Maswali

1. Kaboni ina elektroni ngapi kwa jumla, na ngapi za valensi?
2. Chora nukta za maji, za metani, na za nitrojeni ya hewani. Onyesha kwamba kila atomu imeshiba.
3. Eleza tofauti iliyopo kati ya mshikano wa chumvi na mshikano wa hidrojeni mbili.
4. Kwa nini jiko la makaa lisilotoa moshi laweza kuua katika chumba kilichofungwa?
5. Florini ina elektroni 7 za valensi. Itakuwa na mishikano mingapi na hidrojeni? Toa sababu.